Mrejesho: nilisema kweli kuhusu usomaji wangu

Ndugu zangu, niliuliza hapa kama nijidai msomaji wa riwaya katika sehemu ya kuzungumza ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ilhali ninachosoma ni kurasa za michezo na vijitabu vya ufugaji. Niliwafuata walionishauri niseme kweli, kwa kuwa kinachopimwa ni ufasaha, msamiati, sarufi na matamshi, wala si ukubwa wa maktaba ya mtu.

Kadi ya sehemu ya pili ilinitaka nieleze kitu nilichosoma kikanifaa. Katika ile dakika moja ya kujiandaa niliandika maneno manne tu kwa penseli, kisha nikaeleza jinsi kijitabu kimoja kilivyonifundisha kutambua ugonjwa wa kideri kwa kuku wangu, kuanzia shingo kupinda hadi kinyesi cha kijani (sikutarajia kukitaja mbele ya mtahini), mpaka akanisimamisha dakika mbili zilipotimia.

Nilikwama sehemu ya tatu: alipouliza iwapo vijana wanasoma kidogo kuliko wazazi wao, nilijibu sentensi moja nikanyamaza, ikabidi anidodose. Hata hivyo nimepata 6.5, nami nilihitaji 6. Ahsanteni sana.