Injini ya gari la michezo ikae wapi: mbele, katikati au nyuma?

Mleta mada: Ndugu wapenda magari, nimeuchoka ule usemi kwamba injini ikae popote mradi dereva anaijua kazi. Mahali pake ni katikati, nyuma ya kiti cha dereva na mbele ya ekseli ya nyuma.

Chukua fimbo, funga jiwe kila ncha, ishike katikati ujaribu kuizungusha upesi na kuisimamisha. Kisha sogeza mawe yote mawili karibu na mkono wako, ujaribu tena: sasa ni rahisi zaidi. Kwenye gari, injini ndilo hilo jiwe. Ikikaa katikati, gari linautii usukani mara moja. Jack Brabham alitwaa ubingwa wa Formula One mwaka 1959 kwa Cooper yenye injini nyuma ya mgongo wake, akiwashinda Ferrari waliokuwa na nguvu zaidi. Mwaka uliofuata, kwenye uwanja wa Monza nchini Italia, Ferrari ya Phil Hill ikawa gari la mwisho lenye injini mbele kushinda mbio za ubingwa huo. Hata Corvette, gari la michezo la Wamarekani, iliyobeba injini mbele tangu 1953, imehamia katikati kuanzia modeli ya 2020.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mbona Porsche 911 umeiruka? Wameweka injini nyuma kabisa, ng'ambo ya ekseli, tangu 1963, na gari bado linatengenezwa. Karibu asilimia 60 ya uzito inakalia tairi zinazosukuma, kwa hiyo ukikanyaga mafuta ukitoka kona zinauma lami huku za wenzako zinazunguka bure. Ukifunga breki, uzito unakimbilia mbele lakini nyuma unabaki wa kutosha, tairi zote nne zinafanya kazi. Wao wenyewe walileta 928 mwaka 1977, injini mbele, ije kurithi nafasi ya 911. Ilikoma 1995.

Mleta mada: Kwenye kutoka kona sikubishii, hapo 911 ni mnyama. Shida ni kuingia. Ingia kwa kasi, ushtuke, uachie mafuta: uzito unahama kwenda mbele, tairi za nyuma zinalegea, na injini ile inakirusha kitako nje. Wahandisi wamepambana na tabia hiyo kwa miongo. Na kwa 911 RSR ya 2017, gari la mbio, waliisogeza injini mbele ya ekseli. Kwa nini, kama nyuma ndiko kwenyewe?

Mchangiaji wa pili: Nyote mnasemea madereva mabingwa. Gari la injini ya katikati likianza kuteleza halinipi muda. Wepesi uleule unaousifia unaligeuza kabla mikono yangu haijawahi. Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989, ina injini mbele, lakini nyuma ya ekseli ya mbele. Uzito karibu nusu kwa nusu, na gari zima halifiki tani moja. Likitaka kuteleza unalisikia mapema kupitia kiti.

Mleta mada: Hapo umenibana kweli, na kwa anayejifunza ningempa hiyo MX-5. Ila tazama walichofanya: wamesukuma injini kuelekea katikati hadi ilipokaribia miguu ya dereva. Nanyi wa 911, anayeliendesha kwenye mvua aje aseme ukweli: katikati ya kona, unaachia mafuta bila woga?