Aurajoki, Porvoonjoki au Kyrönjoki: bonde lipi kwa siku moja ya baiskeli ya changarawe?

Mtanga_Vantaa

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wenu. Mwezi wa Juni shemeji yangu anakuja kunitembelea hapa Vantaa, Finland, akitokea Ujerumani. Baiskeli anaijua vizuri, ila amezoea lami tu. Nataka tushinde siku nzima kwenye njia za changarawe kando ya mto, kule ambako mtu unaenda muda mrefu bila kupishana na gari.

Nimebaki na mabonde matatu: Aurajoki upande wa Turku, Porvoonjoki kutoka Lahti hadi Porvoo, na Kyrönjoki kati ya Seinäjoki na Vaasa. Yote matatu yamo kwenye zile mandhari 27 za kitaifa zilizoteuliwa mwaka 1992, kwa hiyo uzuri wake sina wasiwasi nao. Ninachouliza ni hali ya barabara, treni ukiwa na baiskeli, na wapi mtu asiyezoea changarawe hatachoka kabla ya saa sita mchana. Tunalenga kilomita 80 hadi 100. Tairi zetu zote ni za milimita 40.

Pedali_Turku

Mkuu, njoo Aurajoki, usisite hata kidogo. Mto wenyewe ni mfupi, kama kilomita 70 tangu unapoanzia Oripää mpaka baharini Turku. Raha yake kwa mwendesha baiskeli ni kwamba sehemu kubwa ina barabara ndogo ng'ambo zote mbili. Upande mmoja ukianza kuwa na magari, unavuka daraja linalofuata unahamia wa pili.

Lami na changarawe zinapokezana. Unapita kwenye lami ya kijijini, halafu changarawe katikati ya mashamba ya ngano na shayiri, halafu lami tena karibu na kanisa. Kwa shemeji yako hiyo ni nafuu kubwa, mikono inapata kupumzika. Changarawe ya mfululizo huwaumiza wageni viganja na shingo kabla ya miguu.

Njiani kuna vya kutazama. Nautelankoski pale Lieto kuna maporomoko madogo na vinu vya zamani. Vanhalinna, Lieto hiyo hiyo, ni kilima cha ngome ya kale. Acha baiskeli chini, panda kwa miguu, juu unaona bonde lote na mto wenye maji ya rangi ya udongo ukijikunja kati ya mashamba. Ukikaribia Turku kuna Koroinen, ambako makao ya askofu yalihamishiwa katika karne ya 13, kabla ya kanisa kuu la mjini kuwekwa wakfu mwaka 1300. Halafu Halistenkoski, na kutoka hapo njia ya baiskeli inafuata ukingo mpaka katikati ya mji.

Mpango wangu: pandeni treni mpaka Loimaa, iko kwenye reli ya Turku na Tampere. Nendeni Oripää, kisha mfuate mto ukishuka hadi Turku. Mnamalizia mtoni, mnakula, mnapanda treni ya Helsinki.

Spoki36

Pedali, njia ni nzuri na nakuunga mkono kwa yote isipokuwa mwelekeo. Kutoka Oripää kwenda Turku unaelekea kusini-magharibi, na upepo wa kawaida wa Finland unatoka huko huko kusini-magharibi. Mto unashuka kidogo mno, mteremko huo huusikii miguuni. Upepo utausikia, tena kwenye mashamba ya wazi yasiyo na hata mti wa kukukinga. Mgeni atashinda siku nzima akidhani baiskeli ina hitilafu.

Mimi ningeanzia Turku asubuhi, nipande na mto, niishie Loimaa upepo ukinisukuma mgongoni. Treni ya kurudi ipo hapo.

Pedali_Turku

Hoja ya upepo naikubali. Ila Loimaa jioni si Turku jioni. Mtu aliyetoka mbali anapenda safari iishie mahali penye kitu mwishoni.

Spoki36

Basi atazame utabiri siku moja kabla. Upepo ukitoka kaskazini au mashariki, mpango wako. Ukitoka kusini-magharibi, wangu. Mto ule ule, barabara zile zile.

Mama_Lahti

Wanangu, mbona mnaizungumzia Aurajoki kana kwamba mabonde mengine hayapo. Mtanga, wewe unakaa Vantaa. Treni ya Z kutoka Helsinki inakufikisha Lahti kwa kama saa moja. Kwa nini umpitishe mgeni masaa mawili kwenye treni ya kwenda Turku?

Porvoonjoki ina urefu wa zaidi ya kilomita 140, lakini ninyi mnaipata karibu na Orimattila na kuifuata kusini kupitia Askola hadi Porvoo. Changarawe ya kweli ipo zaidi huku kuliko Aurajoki. Barabara inapanda na kushuka. Usidanganywe na neno bonde, kwa sababu vijito vinavyoingia mtoni vimechimba makorongo kwenye udongo, na kila korongo lina mteremko mfupi mkali na kilima chake upande wa pili. Miteremko hiyo ndiyo ya kumfundisha shemeji yako: apunguze mwendo kabla ya kuteremka, si katikati, na asishike breki ya mbele kwa nguvu kwenye kona.

Askola lazima msimame kwenye mashimo ya hiidenkirnut. Ni mashimo ya mviringo yaliyochongwa ndani ya mwamba na maji ya barafu iliyokuwa inayeyuka mwishoni mwa enzi ya barafu, maji yakizungusha mawe humo humo mpaka mwamba ukalika. Lililo kubwa lina kina cha zaidi ya mita 10. Ukichungulia unaona ukuta wa jiwe ulivyo laini, kama umepigwa msasa. Mimi huwapeleka wageni wangu wote hapo.

Ubaya wake ni mmoja: Porvoo haina treni ya abiria ya kila siku. Kurudi Helsinki ni basi, na dereva anaweza kukataa baiskeli kama buti limejaa. Pigeni simu kwa kampuni ya basi mapema, au jipangeni kuendesha mpaka Vantaa siku ya pili.

Ndugu_Seinäjoki

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi nimetoka Bukavu na sasa niko Seinäjoki, ndiyo maana natetea Kyrönjoki. Ni mto mrefu kuliko Aurajoki, kilomita 127, na tambarare yake hakuna Finland ya kusini. Mashamba yanaenda mpaka macho yanachoka, na katikati yake vibanda vya mbao vya kuwekea majani makavu, vya kijivu, vingine vimeinama. Ukipenda anga, njoo huku.

Pale Isokyrö kuna kanisa la zamani la mawe ambalo kuta zake za ndani zimejaa picha za Biblia zilizochorwa mwaka 1560. Si mbali na hapo, Napue, ndipo jeshi la Sweden lilipopigwa na Warusi mwezi Februari 1714, na mnara wa kumbukumbu upo. Mimi husimama pale kila ninapopita. Ninajua maana ya kijiji kupitiwa na vita.

Nitasema ukweli: kutoka Helsinki ni mbali kwa siku moja, na upepo ukiwa kinyume hakuna pa kujificha. Mtu akija kwangu namwambia alale usiku mmoja.

Mtoto_wa_Eldoret

Mimi niko Tampere. Kwa wale wanaolinganisha na murram ya kwetu Kenya: msidhani ni kitu kimoja. Murram ya Eldoret ni nyekundu, mvua ikinyesha inateleza vibaya, ikikauka inatoa vumbi na matuta ya kutingisha meno. Changarawe ya hapa mara nyingi ni mwamba uliosagwa, wa kijivu, vipande vidogo vinavyolingana, vilivyoshindiliwa vikashikana. Siku kavu ya Juni unaenda karibu kama lamini.

Siku mbaya ni ile greda imetoka kupita. Kokoto zinabaki huru juu, tairi la mbele linaogelea. Fuata alama za magurudumu ya magari, shika usukani kwa ulegevu, na usikate kona ghafla. Pia mwanzo wa msimu wa joto wanamwaga chumvi ya kalsiamu kuzuia vumbi, na barabara inakuwa na unyevu hata bila mvua. Osha mnyororo jioni ile ile, chumvi hiyo inaula.

Mgeni_Oulu

Samahani kuingilia. Mimi siwezi Juni, nilikuwa nafikiria Aurajoki wikendi ya Vappu, ile sikukuu ya Mei Mosi. Kuna tatizo?

Spoki36

Inategemea mwaka, lakini kuwa mwangalifu. Kipindi hicho kinaitwa kelirikko. Wakati wa baridi ardhi inaganda kwenda chini. Jua la majira ya kuchipua linayeyusha tabaka la juu kwanza, na maji hayana pa kwenda kwa sababu chini bado kuna barafu. Barabara inageuka uji juu ya sinia. Utaona vibao vya kuzuia malori mazito. Baiskeli haizuiliwi, ila ukipita unachimba mifereji ambayo wakazi, ambao kwenye barabara binafsi ndio wanaolipia matengenezo, wataiona mpaka greda ije.

Na udongo wa mabonde haya ni mfinyanzi. Ukilowa unapanda na tairi, unajibana kati ya tairi na uma wa mbele, unakauka, na gurudumu linasimama. Beba kijiti cha kukwangulia. Turku huwahi kukauka kuliko Oulu, kwa hiyo katikati ya Mei huwa salama. Vappu yenyewe baki kwenye lami ya kando ya mto.

Mtanga_Vantaa

Asanteni sana. Barabara binafsi ndizo zinanitia hofu kidogo. Nikiona kibao "Yksityistie", naruhusiwa kupita?

Pedali_Turku

Unaruhusiwa, mkuu. Haki ya kila mtu ya Finland inakuwezesha kupita kwa miguu au baiskeli, hata penye kibao cha kuzuia magari. Usichoruhusiwa ni kukatiza uani kwa mtu au kupita juu ya shamba lililopandwa. Barabara ikiishia mlangoni kwa watu, geuza. Ukikutana na mwenyeji, punguza mwendo, sema "moi", mambo yanaisha.

Mama_Lahti

Na maji, mwanangu. Maduka ya vijijini yamepungua, na siku ya joto chupa mbili huisha haraka. Nenda kwenye makaburi ya kanisa. Msimu wa joto kuna mabomba ya kumwagilia maua, na kama hakuna kibao kinachokataza kunywa, jaza chupa zako. Fika kwa adabu, kofia ya baiskeli mkononi, usiongee kwa sauti.

Kupe pia. Mkikaa kwenye majani marefu kando ya mto, mkaguane miguu, nyuma ya magoti na kiunoni jioni. Ukimkuta mtoe mara moja kwa kibanio, ukimshika karibu na ngozi. Duara jekundu likitokea na kupanuka siku zinazofuata, nenda kwa daktari. Mwambie shemeji yako aulize kuhusu chanjo ya homa ya ubongo inayoenezwa na kupe, kwa sababu chanjo haizuii ule ugonjwa wa duara, na dawa ya duara haitibu huu mwingine.

Mtanga_Vantaa

Shikamoo mama, na asante. Nimeamua: Aurajoki kwa siku ya kwanza, kwa sababu ya treni pande zote mbili na zile lami za kupumzikia. Akifurahia, wikendi ya pili tunakuja Askola kuyaona mashimo. Ndugu wa Seinäjoki, wewe tutakuja kwako Agosti na mahema.

Swali la mwisho: upepo wa tairi. Yeye ana kilo 75, tairi zina tyubu.

Spoki36

Anza na bar 2.5 mbele na 2.8 nyuma. Usishuke zaidi ya hapo ukiwa na tyubu, ukigonga jiwe lenye ncha rimu itaibana na utapata panchi mbili kwa mpigo. Bebeni tyubu mbili za akiba kila mmoja, pampu ya kweli, na viraka.

Na nafasi za baiskeli kwenye treni za InterCity ni chache, Juni zinaisha mapema. Kateni sasa treni ya asubuhi kwenda Turku na ya jioni kutoka Loimaa. Upepo ukigeuka, mtabadilisha tiketi.

Ndugu_Seinäjoki

Agosti nawasubiri. Leteni hema tu, chakula ni juu yangu.