Windows 10 ndiyo basi tena: wenye mashine za zamani tukraki, tuhamie Linux au tukope tununue mpya?

Mpiga Chapa wa Tandika
Wakuu habari za jioni. Nina kisteshenari changu hapa Tandika, mashine mbili, printa na ya kutolea kopi. Mashine kubwa ni HP EliteBook 840 G3, niliichukua Kariakoo mtumba kwa laki nne na themanini na haijawahi kunilaza njaa. Sasa kama mnavyojua Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10 bure tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 wanataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na prosesa kuanzia kizazi cha 8, yangu ni ya 6. Yaani mashine nzima kabisa, inaanza kazi saa moja asubuhi, CV, barua za mkopo, fomu za vyuo, halafu mtu yuko Marekani huko anasema hiyo basi. Hii ni haki? Na sisi wa hali ya chini tufanyeje, tubaki hivihivi, tuweke ya kukraki, yaani iliyovunjwa kufuli isilipiwe, tuhamie Linux, ule mfumo mwingine wa bure, au tukope, tukacheze mchezo wa kupeana, tununue mpya? Naomba hoja siyo matusi.

Mchumi Asiyelala
Mleta mada tuwe wakweli kwanza, hiyo Windows 10 yenyewe uliilipia? Steshenari za mjini nazijua. Adobe, wale wenye Photoshop, waliacha kutoa matoleo mapya ya kununua moja kwa moja mwaka 2013 wakaanza kukodisha kwa mwezi, nyie mkabaki na CS6 ya kukraki na ndiyo mpaka leo inatengeneza kadi za harusi za Dar nzima. Unatumia mali ya wizi halafu unamlaumu mwenye mali hajaja kuifanyia sevisi. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 na COSOTA wanaoisimamia wapo. Msanii wa bongofleva akiibiwa wimbo mnalia naye, aliyeandika programu mnaona ni mzungu tajiri shauri yake. Halafu nyie ndio mnatumalizia flashi zetu, inaingia nzima inatoka mafolda yote yamekuwa shotikati.

Mpiga Chapa wa Tandika
Mkuu mengine yote nakuachia ila hapo kwenye flashi umenikosea sana. Unajua flashi ya mteja inatoka wapi kabla ya kufika kwangu? Asubuhi ilikuwa kwenye redio ya bajaji, mchana ipo kwenye sabufa ya kinyozi, jioni imechomekwa kwenye tivii ya baa inapiga singeli, usiku mdogo wake kaenda nayo kwa jamaa anayeuza muvi za kutafsiriwa, kesho yake saa mbili na nusu anakuja kwangu anatweta eti braza nitolee kopi tatu za CV usahili saa tatu, nikichomeka mashine inapiga kelele kama mtoto anadungwa sindano, namwambia flashi yako ina virusi ananijibu mbona kwangu ilikuwa nzima. Sasa na wewe unakuja kusema ni sisi.

Dada wa Kopi
Umesema kaka yangu. Na wakishaondoka wanasema yule dada kanifutia faili. Mimi siku hizi nawaambia nitumie WhatsApp au nenda kwa jirani.

Mchumi Asiyelala
Punguzeni povu, sijataja mtu. Swali langu lipo palepale, umeilipia au hujailipia?

Fundi wa Mwenge
Tuache ugomvi, nimsaidie mleta mada. Kwanza mashine haizimiki, itawaka kama kawaida, kilichokatika ni viraka vya usalama, matundu mapya yakigundulika hayazibwi. Pili Microsoft wenyewe wametoa nyongeza ya mwaka mmoja mpaka Oktoba 2026, ni dola 30, au hulipi kitu kama utakubali kuunganisha mipangilio ya mashine na akaunti yao, lakini hiyo ni kwa Windows halali. Tatu za kukraki, hebu jiulize kwa nini karibu kila moja inakwambia zima kinga ya virusi kwanza ndipo uifungue. Mwizi anakuomba umfunge mbwa halafu unamfunga kweli. Kwa kazi zako za barua na fomu weka Linux Mint, ni bure, kwenye hiyo G3 inateleza kabisa, LibreOffice ya kuandikia barua inakuja nayo. Lugha isikutishe. Na kama ni Kiswahili unakitaka hata Windows yenyewe inacho, kwenye orodha ya lugha wameandika Kiswahili, pembeni kwenye mabano Kenya.

Mzaramo Halisi
Hapo mwisho umesemaje? Kiswahili cha WAPI?

Fundi wa Mwenge
Kenya. Nenda kaangalie mwenyewe. Ila hoja yangu ilikuwa Mint.

Mzaramo Halisi
Mint baadaye bwana. Yaani Mlima Kilimanjaro tumevumilia watalii wanaambiwa uko Nairobi, sasa na lugha? Mimi babu yangu kazaliwa Kisarawe, kazikwa Kisarawe, hajui neno la Kiingereza hata moja, leo kompyuta inaniambia Kiswahili changu ni cha Kenya?? Wizara iko wapi, BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wako wapi, tangu 1967 wapo wanafanya nini kama hata mabano yametushinda.

Mtoto wa Kigogo
Nimecheka mpaka konda kanigeukia. Mabano yametushinda 🤣🤣

Mwalimu Mstaafu
Vijana hamjambo. Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi zote nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kwa hiyo hicho mnachokiita Kiswahili cha Kenya ndani ya Windows msingi wake ni lahaja ya Unguja iliyochaguliwa kikaoni Mombasa. Kugombania mabano ni kama ndugu kugombania jina la marehemu huku shamba limeota magugu.

Mtoto wa Kigogo
Shikamoo mwalimu. Ila shamba nani kaliacha liote magugu?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Sisi sote, na nitakupa mfano. Mwaka 2004 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Sayansi ya Kompyuta kwa kushirikiana na Waswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kuandikia barua na kupigia hesabu, menyu zake zote Kiswahili. Mradi wakauita Kilinux. Ilikuwa bure. Niliiweka kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu shuleni kwetu. Baada ya wiki moja nikakuta wenzangu wameiondoa, wanasema inawachanganya.

Mchumi Asiyelala
Kwa hiyo mnakubali kwamba programu ya bure na halali ilikuwepo tangu 2004 mkaikimbia mkaenda kukraki. Asante mwalimu, umenimalizia kazi.

Dada wa Kopi
Wewe nawe una kesi moja tu duniani.

Mwana wa Kisauni
Salaam aleikum ndugu zangu wa bara hiyo. Mie niko Mombasa, nimeletewa huu uzi na binamu yangu wa Temeke. Hayo mabano hatukuyaomba. Ofisi yao ya Afrika Mashariki iko Nairobi, basi kadhani wenye lugha nao wako Nairobi, na sisi wa pwani twajua Nairobi wanavyoisema, msitulaumu sote. Lakini na nyie mwajivuna mno. Mwaita kompyuta mchana kutwa, sisi watoto wetu shuleni wasomeshwa tarakilishi, na simu ya mkononi ni rununu. Nani hapo anayeitunza lugha?

Mtoto wa Kigogo
Tarakilishi inauzwa kwenye pakiti ya vidonge viwili, mtoto anakunywa usiku anaamka minyoo imetoka.

Mzaramo Halisi
🤣🤣🤣 Rununu ndio ile inayonunanuna kwenye kona

Mwana wa Kisauni
Chekeni. Tarakimu na akili zimeunganishwa, neno lina baba na mama. Kompyuta lina nini, ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu.

Mtoto wa Kigogo
Na meza ni Kireno kilichovalishwa kanzu, na kitabu ni Kiarabu, mbona unakula juu ya meza? Kaka acha utani. Wewe mwenyewe ukienda dukani kwa mpemba unasema nipe chaja ya tarakilishi?

Mwana wa Kisauni
Dukani twasema kompyuta. Nilisema shuleni.

Mtoto wa Kigogo
Basi tumemaliza.

Mwalimu Mstaafu
Hatujamaliza. Maneno mapya yanachekwa mwanzoni halafu yanazoeleka. Kishikwambi mlikicheka vilevile. Ikaja sensa ya Agosti 2022, karani anapita mlango kwa mlango kakishika mkononi, baadaye vikagawiwa kwa walimu, leo mwalimu akiibiwa anakwenda polisi anaandikisha kishikwambi, haandikishi tableti.

Dada wa Kopi
Mwalimu shikamoo, mimi sikusoma sana ila hapo umegusa ninachokiona kila siku. Kishikwambi kimeshika kwa sababu watu walikiona mkononi na kilikuwa na posho ndani yake. Mama yangu yuko Buza, darasa la nne la zamani, miwani hana, lakini *150*00# anabonyeza gizani. Tuma pesa, toa pesa, weka namba ya siri, M-Pesa wameanza hapa 2008 hakuna aliyeitwa kwenye semina kufundishwa. Neno kutoa lilikuwepo, wakala lilikuwepo, wakaokota barabarani wakaweka kwenye simu. Kubipu nani alitunga? Ni sisi tusio na vocha. Hata kupakua, mama anapakua wali kutoka kwenye sufuria, mtoto anapakua wimbo, hakuna anayeuliza maana yake. Sasa mtu anajifungia na kamusi anatoka na neno kama baobonye halafu analaumu watu hawapendi lugha yao. Baobonye ndiyo kibodi jamani, nimeambiwa na mwanafunzi wa fildi, nilidhani ananitukana.

Mzaramo Halisi
Dada umeongea. Ila ngoja niungame. ATM ninayotumia inauliza lugha, Kiswahili na Kiingereza. Huwa nabonyeza Kiingereza. Sijui kwa nini. Foleni ikiwa ndefu nyuma yangu ndiyo kabisa. Siku moja kadi ikagoma ikaandika maneno mengi ya Kiingereza sikuelewa hata mstari mmoja, nikatikisa kichwa kama nimeelewa nikaondoka zangu.

Mtoto wa Kigogo
Na babu wa Kisarawe unamwambia nini 🤣

Mzaramo Halisi
Babu hakuwa na kadi, usimwingize.

Mchumi Asiyelala
Naomba turudi kwenye mada. Kurasa mbili mnaongelea baobonye, hakuna aliyejibu kwamba kutumia kazi ya mtu bila kumlipa ni wizi, iwe ya Kiswahili au ya Kichina.

Mpiga Chapa wa Tandika
Mchumi nikuulize kwa heshima. Ule uzi wa wale jamaa wa mikopo ya mtandaoni si wewe uliyesema unasoma meseji ambazo mtu amekutumia akazifuta? Na umeficha tiki za bluu huku unaona za wenzako? WhatsApp ya kawaida haifanyi yote hayo mkuu. Hiyo ni GB, WhatsApp ya kuchakachua.

Mtoto wa Kigogo
LAHAULA. Naweka kambi hapa.

Mchumi Asiyelala
Hiyo ni tofauti. WhatsApp ni bure, sijamkosesha mtu mapato.

Fundi wa Mwenge
Mkuu hapo unajichimbia. Ya kukraki ya mleta mada angalau inakaa kwenye mashine ya kuchapa barua. Hiyo GB imetengenezwa na usiyemjua, haimo Play Store, na umempa meseji zako zote za ndani. Akaunti wenyewe WhatsApp huwa wanazifungia kwa ajili hiyo.

Mchumi Asiyelala
Sikuja hapa kujadiliwa mimi.

Dada wa Kopi
Hata sisi wa flashi hatukuja kujadiliwa.

Mwana wa Kisauni
Twarudi kwenye mabano au vipi?

Mpiga Chapa wa Tandika
Wakuu nilipotea kidogo nilikuwa nafanya majaribio. Fundi nimefuata maelekezo yako, sijafuta kitu, nimeiwasha Mint kutoka kwenye flashi tu kwanza. Nakiri Windows sikuilipia, niliikuta humo humo nikinunua, Mchumi furahi. Printa imeitambua yenyewe bila sidii, nilishangaa. Ila kwenye lugha nimechagua Kiswahili, sasa imekuja nusu kwa nusu, mstari wa juu Kiswahili wa chini Kiingereza, kama mtangazaji wa redio za vijana, na karatasi imejiweka Letter, maandishi ya chini yanakatwa. Pa kubadilisha iwe A4 ni wapi? Nina mteja kasimama hapa na fomu ya mkopo.

Fundi wa Mwenge
Piga picha ya skrini tuma.

Mpiga Chapa wa Tandika
Nimetuma.

Fundi wa Mwenge
Umepiga kwa simu na imelala, ila naona. Bonyeza hapo kwenye Umbizo, halafu mtindo wa ukurasa, kama ni Kiingereza utaona Page Style, chagua A4. Na hiyo flashi nyingine nyekundu iliyochomekwa pembeni ni ya nani?

Mpiga Chapa wa Tandika
Ya mteja.