Namuuguza mama ana kansa, nesi akaniuliza mimi nahitaji nini nikakosa jibu

binti_nyalenda

Habari zenu wadau. Niko Kisumu, Nyalenda, namuuguza mamangu ana kansa ya mlango wa kizazi, ilijulikana ikiwa imeshaenda mbali so sahi ni kupunguziwa maumivu tu. Mimi ndio kifungua mimba na ndio sina bwana kwa hivyo kila mtu aliona ni sawa nirudi nyumbani, nikaacha kazi ya saluni Kondele.

Wiki jana tulienda kliniki kama kawaida, wakampima presha, wakamuuliza maumivu ni ngapi kwa kumi, halafu nesi mmoja akanigeukia akasema "na wewe mwenye unamwangalia, unahitaji nini?" Jamani nililia pale pale mbele ya mama. Nikasema tu niko sawa. Tangu mama aanze kuugua hiyo ndio mara ya kwanza mtu kuniuliza, wengine wote huuliza mama ameamkaje.

Tunarudi kliniki Alhamisi na najua ataniuliza tena. Ukweli sijui niseme nini. Nikisema nimechoka itakuwa kama nasema mama ni mzigo na yeye yuko hapo anasikia. Usiku ndio mbaya zaidi, mofini ya maumivu anakunywa kila masaa manne so naweka alamu ya saa nane ya usiku, tokeni za stima zikiwa zimeisha nashika simu na meno nipate mwangaza wa tochi, navuta dawa na sirinji nikihesabu vistari mara mbili juu naogopa kukosea, namwinua kichwa anywe, namgeuza upande. Nikirudi kulala usingizi umeshaisha naangalia mabati hadi asubuhi. Halafu kuna harufu, natumia Jik na Dettol lakini wapi, majirani wameacha kuingia wanasimama hapo mlangoni.

Wenye mmepitia hii, mtu anajuaje anahitaji nini? Na unaisemaje?

nesi_mstaafu

Pole sana binti yangu. Nimefanya kazi ya wadi miaka mingi na mwishoni nikawa natembelea wagonjwa kwa nyumba, na nakwambia huyo nesi alifanya vizuri, ila hilo swali ni pana sana, mtu hajalala hawezi kulijibu akiwa amesimama.

Kule Uingereza kuna watafiti wawili, Gail Ewing na Gunn Grande, walikaa na watu waliouguza jamaa zao mpaka mwisho wakawauliza walikosa nini, halafu majibu wakayafanya karatasi ya maswali, mwanzoni yalikuwa 14, inaitwa CSNAT. Kilichonifurahisha ni vile inauliza. Haikuulizi kama umeshindwa, inakuuliza je unahitaji msaada zaidi na jambo fulani, unajibu hapana, au kidogo, au zaidi kidogo, au sana. Kuna kuelewa ugonjwa wenyewe, kumpa dawa, kumwosha na kumvalisha, vifaa vya nyumbani, pesa na kazi, afya yako wewe, kupumzika usiku, hofu zako, mambo ya imani, kujua utampigia nani ukiogopa, kujua huko mbele kutakuwaje. Ukishajibu, wewe ndiye unachagua gani zianze, nesi hakuchagulii, halafu mnakaa mnapanga nani atafanya nini na baadaye mnaangalia tena kama imesaidia. Kuna karatasi nyingine ya zamani ya mtafiti anaitwa Zarit, maswali 22, hiyo inapima mzigo umekulemea kiasi gani. Inafaa lakini mimi naona ukimpima mtu mzigo bila kumuuliza umtue wapi hujamsaidia bado.

Sasa turudi kwa hiyo alamu yako ya saa nane, imeniuma sana. Wagonjwa wengi wa mofini ya maji hupewa dozi maradufu wakati wa kulala, ile ya saa nne usiku, ndio ile ya saa nane isiwepo na wote wawili mlale mpaka saa kumi na mbili. USIFANYE PEKE YAKO, kuna wagonjwa haiwafai, kwa mfano wenye figo zina shida, mpigie aliyekuandikia dawa umuulize. Lakini unaona? Hukuwa unalalamika, hiyo ni kitu ya kusema, "siwezi kulala kwa sababu ya dozi ya saa nane." Hata harufu sema vile vile, isikutie aibu, ni kidonda cha kansa na kina dawa, muulize kuhusu metronidazo. Na muulize kama mama anapata choo, mofini hufunga tumbo na huwa inafaa aandikiwe ya kulainisha pamoja nayo.

Omba pia muongee nje kidogo bila mama. Hiyo ni haki yako. Kisumu Hospice, wale wa kupunguzia wagonjwa maumivu, iko hapo hapo kwa hospitali ya Jaramogi, Russia vile sisi wa zamani tunaita, kama hujawahi fika waambie wakuunganishe.

baba_watatu_nax

Niko Nakuru, mke wangu ana kansa ya matiti. Nimesoma hii nikiwa kwa foleni ya dawa. Mimi ata sikuwa naulizwa kitu, nikiingia wananiuliza "na mwenye anamwangalia yuko wapi" wakitafuta shemeji, kumbe ni mimi nafua, nafunga kidonda, nasuka watoto nywele. Watu wa Nakuru Hospice ndio walinifundisha kufunga kidonda bila kumuumiza, kulowesha bandeji kwanza na maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa halafu ndio unaitoa pole pole.

Kitu naweza kukwambia dada, kwa grupu ya familia nilikuwa naandika "tuombeane" na wote wanajibu amen. Siku moja nikaandika "Jumamosi saa tatu hadi saa saba nahitaji mtu akae na mama watoto niende kinyozi na nilipe karo", shemeji akajibu hapo hapo nakuja. Watu sio wabaya, hawajui washike wapi.

dada_wa_kakamega

Baba watatu kwa hiyo familia yako una bahati. Kwetu kaka zangu walituma elfu mbili mbili na wakaona wamemaliza, niliandika saa na siku nikaambiwa nina kiburi. So binti usijilaumu ukiomba usipewe.

Mimi ile ya "huko mbele kutakuwaje" ndio nilikosa. Baba alikuwa na kansa ya umio. Siku ya mwisho akaanza kupumua na sauti kama maji yanachemka kooni, hakuna mtu alikuwa ameniambia hiyo huja, nikaita jirani ana probox tukambeba mbio na mvua inanyesha, akatuacha barabarani kabla tufike lami. Alikuwa ametaka kufia kwa kitanda chake. Ningejua ningekaa tu nimshike mkono. Kwa hivyo tafadhali uliza sasa ukiwa na nguvu, nitaona nini, nifanye nini, nimpigie nani usiku. Usingoje.

binti_nyalenda

Nimewasoma nyote, dada wa Kakamega pole sana, nimesoma yako mara tatu.

Leo ni Ijumaa, jana ndio tulikuwa kliniki. Niliandika kwa kitabu ya mtoto wa shangazi, vitu vitatu tu, usiku, harufu, na nimpigie nani. Nesi akanitoa nje tukakaa kwa benchi karibu na mti, tuliongea kama nusu saa. Daktari ameangalia faili akakubali ile dozi ya saa nne iwe maradufu, na metronidazo tumepewa. Nimepewa namba ya simu ya kupiga ata usiku. Ile ya huko mbele nilishindwa kuuliza, nilifungua mdomo ikakataa, nesi akasema sio lazima leo.

Jana usiku sikuweka alamu lakini bado niliamka saa nane kwa mazoea. Mama alikuwa amelala, nikaweka mkono karibu na pua nikasikia pumzi iko sawa. Nikarudi nikalala mpaka wenye maziwa wakaanza kupita.

Kaka yangu wa Nairobi nimemwandikia naomba aje wikendi mbili kwa mwezi. Ameona ujumbe, hajajibu.