Ushauri: moto wa miombo unasomewa wapi, kwa mtu aliye Lubumbashi?

Mwana wa Barabara ya Kasenga (mwanzilishi wa uzi)

Jambo yenu ba yaya, ba papa na ba mama. Nimemaliza masomo ya kilimo hapa Lubumbashi, upande wa maji na misitu. Sasa ninasaidia kamati ya kijiji kimoja kinachotayarisha faili ya kuomba msitu wa jamii, kufuatana na dekreti (amri ya serikali) ya 2014. Msitu wenyewe ni miombo, pori la miti inayopukutisha majani kiangazi, na shida yetu ni moto. Miti ilikatwa kwa ajili ya makala (makaa ya kupikia), visiki vikachipua vizuri wakati wa mvua, halafu kila ikifika Agosti au Septemba moto unapita na machipukizi yote yanaungua hadi chini. Wazee wa kamati wananiuliza: tuzuie moto kabisa, au tuchome wenyewe mapema? Chuoni tulijifunza kupanda akasia na kupima ujazo wa mbao, lakini moto tuliupitia juujuu. Sitaki kuwajibu kwa kubahatisha, maana msitu ule ndio kila kitu chao.

Dada yangu mkubwa amekubali kunilipia masomo, ila ni mara moja tu. Kuna kozi ya cheti ya ng'ambo kwa intaneti, kwa Kiingereza, na bei yake ni kali. Kuna Kinshasa. Wengine wananiambia Zambia. Kifaransa ninakimudu, Kiingereza ninasoma polepole. Mngekuwa mimi mngefanya nini?

Mwalimu wa Misitu

Mdogo wangu, nianze na swali la wazee, kwa sababu hilo haliwezi kungoja cheti.

Jibu lake limetafutwa kwa muda mrefu, tena karibu na kwetu. Mwaka 1933, huko Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, walitenga vipande vya miombo. Kimoja kikachomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, kingine kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, na kingine kikakingwa kisiungue kabisa. Mtafiti mmoja, Trapnell, alichapisha matokeo mwaka 1959. Palipochomwa kwa kuchelewa, miti mikubwa ya miombo ilizidi kupungua na nyasi zikatawala. Palipochomwa mapema, miombo ilibaki miombo. Palipokingwa, msitu ulifunga na miti isiyopukutisha majani ikaanza kuingia chini yake.

Sababu unaweza kuiona kwa macho yako. Mwezi wa tano nyasi bado zina ubichi, moto unakwenda chini chini, unaacha mabaka, na umande wa usiku unauzima. Mwezi wa tisa nyasi zimekauka kabisa na upepo umeamka. Na jambo ambalo wengi hawalifikirii: miombo haingoji mvua ili kutoa majani. Ule wekundu unaouona porini Septemba ni majani mapya yanayotoka kabla ya tone la kwanza. Moto ukipita wakati huo, mti umeshatumia akiba ya mizizi yake kutengeneza majani, na yote yanaungua.

Sasa ongeza makala. Ukikata miti, jua linafika ardhini na nyasi zinakuwa nyingi. Nyasi nyingi ni moto mkali zaidi, na moto mkali unaua machipukizi ambayo yangerudisha kivuli cha kupunguza nyasi. Pale pa kwenu mzunguko huo umeshaanza. Mninga wa porini, Pterocarpus angolensis, unaweza kukaa miaka mingi ukiungua juu na kuchipua tena kutoka mizizini kabla shina moja halijapita kimo cha ndimi za moto. Machipukizi ya visiki vyenu yanahitaji miaka kadhaa bila moto mkali, si mwaka mmoja.

Kwa hiyo mimi ningewaambia wazee: msiahidi kuzuia moto wote. Mkikinga miaka mitatu halafu mwindaji mmoja akawasha Septemba, nyasi na majani makavu yote mliyoyalimbikiza yatawaka kwa siku moja. Kingeni kabisa sehemu ndogo mnayoweza kuizungushia ardhi tupu, ile yenye visiki vinavyochipua. Sehemu iliyobaki chomeni mapema, kwa mabaka.

Mama Bowa

Mwanangu, mimi ninauza bowa (uyoga) na masuku, matunda ya porini, sokoni. Mambo ya satelaiti siyajui, ila ninajua nani anawasha. Wakati wa kiangazi hakuna radi hapa, kwa hiyo kila moto una mtu wake. Wawindaji wa panya wanawasha, wenye mashamba wanawasha, tanuri la makala likiachwa linatoroka. Hao wote wako kwenye kamati yenu? Na wanawake je? Sisi tunajua miti ipi ina bishimu (viwavi vya kula) na ipi ina bowa chini yake. Mkichora mahali pa kuchoma bila sisi, mtachoma chakula. Anza na mkutano.

Jicho la Juu

Kwa upande wa ramani usilipe hata senti. Mtandao wa FIRMS wa NASA, shirika la anga la Marekani, unaonyesha bure mioto inayowaka, kwa kawaida ndani ya saa tatu tangu satelaiti ipite. Kifaa cha satelaiti kiitwacho VIIRS kina chembe (kipande kidogo kabisa cha picha) ya mita 375, na kingine, MODIS, ya kilomita 1. Ila ujue udhaifu wake: VIIRS hupita mapema mchana na tena baada ya usiku wa manane. Moto mdogo wa Mei uliowashwa jioni na kuzimwa na umande unaweza usionekane kabisa. Usiwaambie wazee kwamba hapakuungua kwa sababu hakuna nukta ya moto kwenye ramani.

Kupima eneo lililoungua tumia picha za satelaiti za Sentinel-2, chembe ya mita 10, picha mpya kila siku 5. Kiangazi chetu hakina mawingu, ni bahati kubwa. Fungua kwa QGIS, programu ya kutengeneza ramani, nayo ni bure. Mafunzo ya ARSET, ya NASA kuhusu kutumia picha za satelaiti, nayo ni bure, na yaliyopita yamehifadhiwa kwa video, unasimamisha na kurudia hadi Kiingereza kikae. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ina kozi za bure, nyingine kwa Kifaransa. Na soma mwongozo wa FAO wa 2024 kuhusu usimamizi wa moto. Mwongozo huo unaweka uchomaji, kinga na haki za wanakijiji katika mpango mmoja, na hicho ndicho faili yenu inakihitaji.

Yaya wa Kinshasa

Nilipita ERAIFT, ile shule ya misitu na maeneo ya tropiki iliyoanzishwa 1999 ndani ya kampasi ya Chuo Kikuu cha Kinshasa. Ni shule nzuri, inafundisha kwa Kifaransa, na unakaa na wenzako wa nchi nyingi za Afrika. Lakini uelewe: inakufundisha kupanga eneo zima, watu na msitu pamoja. Si shule ya moto. Ukienda mikono mitupu utarudi na diploma na swali lile lile. Ukienda na miaka miwili ya takwimu za kijiji chako, utapata mada ambayo maprofesa wataipigania. Hifadhi pesa ya dada.

Nyasi za Mufindi

Habari ndugu zangu wa Kongo. Huku Tanzania, kwenye shamba la miti la Sao Hill, moto tunauandalia kwa barabara za moto na minara ya kuangalizia. Kozi ya tabia ya moto ya Wamarekani, S-190, ipo kwenye intaneti bila malipo. Chukua kanuni zake: vitu vinavyoungua, hali ya hewa, mwinuko wa ardhi, na kwamba moto unaopanda mlima unakimbia kuliko unaoshuka. Namba zake ziache, zimepimwa kwa mimea ya kwao.

Usiende kuchoma na watu ambao hawajafundishwa. Wamarekani wana utaratibu ulioandikwa na Paul Gleason mwaka 1991: awepo mlinzi anayetazama moto wote, mawasiliano, njia ya kutorokea, na mahali salama pa kukimbilia. Kikikosekana kimoja, hakuna kuwasha. Sisi tunawasha jioni, upepo ukitulia, tena tukianzia upande ambao moto utalazimika kurudi nyuma dhidi ya upepo.

Mwalimu wa Misitu

Kuhusu Zambia: Chuo Kikuu cha Copperbelt kiko Kitwe, na chuo cha misitu cha Mwekera kiko jirani yake. Miombo yao ni miombo yetu, na unafika kwa basi. Nakubaliana na Yaya kwamba usisajiliwe mwaka huu. Nenda kwanza ukaonane na wanaofundisha, uwaulize kama unaweza kushiriki msimu wao wa kuchoma. Nikipima faida, hilo linazidi ile kozi ya bei kali.

Mwana wa Barabara ya Kasenga

Aksanti sana, wote. Mama Bowa, mkutano nitauomba kwa chifu wiki hii, na wawindaji wataitwa kwa majina. Dada nimemwambia asubiri, amefurahi. Mwalimu, swali moja: nitajuaje kwamba nyasi zimefikia hali ya kuchomwa? Wazee wanasema wanavunja kwa mkono na kusikiliza.

Mwalimu wa Misitu

Wasikilize, na wewe upime pembeni yao. Chagua sehemu tano. Kila moja weka fremu ya mti ya mita 1 kwa mita 1, kata nyasi zote za ndani, funga kwenye mfuko wa plastiki papo hapo zisipoteze maji, pima uzito. Kisha zikaushe kwenye tanuri la maabara hadi uzito usibadilike tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito mbichi, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia ya unyevu, na uzito mkavu wenyewe unakuambia kila mita ya mraba ina chakula kiasi gani cha moto. Rudia kila wiki kuanzia mwisho wa Aprili, na kando ya kila namba andika wazee walisema nini siku hiyo. Ukikosa maabara niandikie ndani, tutatafuta.