Kidole tumbo cha Mama na hii barua ya ofisi ya wageni

Kutoka: Bint Mkomani, Leicester

Assalamu alaykum Waamu wenzangu na ndugu zetu wa Malindi,

Naomba msaada wa haraka kwa aliyepitia haya. Mama alikuja kwa viza ya matembezi ya miezi sita, ile isiyolipiwa IHS, ada ya afya ya wahamiaji. Wiki ya tatu akashikwa na tumbo, akapasuliwa kidole tumbo, alhamdulillah yuko nyumbani anakunywa uji. Jana imeingia barua ya ofisi ya wageni ya hospitali: bili, pamoja na fomu ya kurasa nne. Bili sitaitaja. Kwa pesa hizo mtu ainua vyumba viwili Wiyoni kwetu Lamu na choo chake.

Maswali yangu ni mawili. Mama aliingilia A&E, chumba cha dharura, na A&E najua ni bure kwa kila mtu, sasa hizi pesa ni za nini? La pili, nikiomba kulipa kidogo kidogo, jina la mdaiwa kwenye fomu niandike langu au lake? Naogopea viza yake ya safari nyingine. Wamenipa siku kumi na nne.

Kutoka: Babu Kaskazi, Toronto

Waalaykum salaam mwanangu. Mola amuafu mamako.

Yana nimesoma barua yako nikajishika ubavu. Mimi kilinikamata Matondoni, kijana sijaoa. Wakanitia chomboni kunileta Amu mui, mjini Lamu, na ilikuwa kusi imechachamaa. Kila wimbi likipiga, nahisi kisu hapa kuume. Mashua ikitulia, nami natulia. Nahodha akanitazama nilivyojikunja, magoti yamegusa kidevu, akasema, "Huyu hakikumdhuru chakula. Wa chakula hugaagaa, huyu hataki hata kutikiswa." Shule hakwenda, lakini aliyajua.

Mamako lilimuanza wapi? Kitovuni?

Kutoka: Bint Mkomani, Leicester

Ahsante Babu. Ndiyo, kitovuni, Jumatatu baada ya isha. Akasema limemjaa, hataki chakula. Mama kukataa hata chai ya tangawizi ndipo nilipopaswa kushtuka. Akajifunga leso kwa nguvu tumboni, akachemsha sanamaki, ile dawa ya kuendesha, aliyokuja nayo kwenye begi, akalala. Alfajiri maumivu yakawa yameshuka kuume, chini, na kichefuchefu juu yake. Homa kidogo tu, mkono hauioni.

Nikapiga 111, simu ya ushauri wa afya, wakatuunganisha na mkalimani, kijana wa bara kwa sauti yake. Mama akamwambia, "Mwanangu, mchango umenipanda." Kimya. Kisha kijana akauliza kwa adabu zote, "Mchango wa nini, mama? Wa harusi?" Nilicheka na machozi yananitoka. Mpaka tumemfahamisha kwamba ni tumbo, si harambee, dakika zimekwenda.

Lakini kosa kubwa lilikuwa langu. Saa sita mchana Mama akasema, "Alhamdulillah, limepoa." Nami nikapoa. Baada ya saa mbili tumbo lote likawa gumu kama ubao. Ndani ya gari, kila tuta la barabarani alikuwa akinishika mkono na kuvuta pumzi. Daktari akambonyeza polepole, Mama akavumilia. Alipoachia kwa ghafla ndipo akapiga ukelele. Kumbe kile kupoa ndipo kilipopasuka.

Narudi kwenye fomu, tafadhali. Jina gani?

Kutoka: Kijana wa Witu, Manchester

Pole dada. Watu wa nyumbani hawasikii, hizi ni mbegu za mapera. Binamu yangu alikuwa akila mapera na mbegu zake, na pilipili, wakamtoa kidole tumbo akiwa darasa la sita. Mama azuiwe mapera.

Kutoka: Umm Salim, Muscat

Nina miaka kumi na moja wodi ya upasuaji, kwa hiyo mtaniwia radhi nikisema kwa ukali.

Mapera hayana kesi. Kidole tumbo ni kijimfuko chembamba mwanzoni mwa utumbo mpana. Mara nyingi huziba kwa kinyesi kilichokauka, au kwa tezi zinazovimba ndani yake, kisha vijidudu huzaana humo, kikavimba na kuoza. Mbegu kuziba ni nadra sana. Mwacheni mama wa watu ale mapera yake.

Kwa nini maumivu huanza kitovuni? Kwa sababu mishipa ya fahamu ya kidole tumbo huingia uti wa mgongo mahali pamoja na ya kitovu, na ubongo haujui kutenganisha. Uvimbe ukifika kwenye utando wa tumbo, hapo mtu huonyesha kwa kidole kimoja. Vuteni mstari kutoka ncha ya mfupa wa nyonga ya kulia mpaka kitovuni, mgawanye mara tatu. Theluthi ya kwanza kutoka kwenye mfupa ndipo hapo, na pana jina la McBurney, daktari wa New York aliyepaandikia mwaka 1889. Kwa kawaida maumivu hutangulia na kutapika hufuata. Aliyeanza kutapika na kuharisha ndipo tumbo likamuuma, mara nyingi ni utumbo wenyewe, ingawa si sheria. Kukohoa kunauma, kutembea kunauma, kushuka ngazi kunauma. Nahodha wa Babu alikuwa daktari.

Sasa sanamaki. Wallahi natamani niingie kwenye kila begi linalotoka Amu niitupe baharini. Tumbo usilolijua halipewi dawa ya kuendesha, wala mafuta ya nyonyo, wala halikandwi. Kidole kilichovimba hakitaki kusukumwa. Na wazee, kama mama huyu, mara nyingi hawana homa kubwa wala kelele, ndiyo maana hufika kimeshapasuka. Mjamzito naye huweza kuumia juu zaidi, kwa sababu mtoto amekisukuma kidole. Maumivu yakiisha ghafla bila dawa, msishukuru bado. Kimbieni.

La bili sijui, huku mambo yetu ni mengine.

Kutoka: Maalim, London

Ufafanuzi mdogo. Kiswahili chake ni *kibole*. "Kidole tumbo" ni maneno ya wauguzi. Na Mama hakukosea: *mchango* ni neno letu sahihi kwa maradhi ya tumbo. Aliyekosea ni kijana aliyetumwa kufasiri lugha asiyoijua.

Kutoka: Babu Kaskazi, Toronto

Maalim, kibole wakiyuwa wewe na kamusi yako. Mimi nilipasuliwa kidole tumbo na kovu ninalo.

Kutoka: Mtoto wa Shela, Torino

Ndugu zangu, ngojeni niwape ya Italia. Mimi Kitaliano changu ni cha ufukweni. Bei ya kinyago, bei ya safari, *ciao bella*, basi. Siku tumbo liliponishika, nikafika pronto soccorso, chumba cha dharura, nikagundua sijui hata neno moja la ndani ya mwili. Nikasema *fa male*, nikaonyesha kuume. Wakanipa rangi ya kijani, ya wasio na haraka, nikakaa chini ya saa ya ukutani nikiihesabu. Na wakati huo permesso yangu, kibali cha kukaa, imekwisha, nina ricevuta ya posta tu, yaani stakabadhi, na tessera sanitaria, kadi ya afya, nayo imekufa. Muuguzi wa kike akapita, akaniona nimekunja mguu wa kulia siwezi kuunyoosha, akarudi. Rangi ikabadilika, damu ikapimwa, nikaingizwa. Matundu matatu, siku mbili, nje. Hawakuniuliza karatasi mpaka nilipozinduka.

Dada, wewe omba namba ya STP, ile ya matibabu ya wasio na kibali. Hata asiye na makaratasi hutibiwa.

Kutoka: Ami wa Langoni, London

STP ni ya Italia, mwanangu. Huku haipo. Tafadhalini tusimchanganye binti.

Na huyu "Mtoto wa Shela" ni Shela ipi? Ya Lamu au ya Malindi? Mamako ni nani?

Bint Mkomani, sikiliza. A&E ni bure, umesema kweli, lakini ubure wake huishia pale daktari anaposema "mlazeni". Akishalazwa wodini, mgeni wa matembezi hutozwa, na kiwango ni asilimia 150 ya gharama ya NHS, huduma ya afya ya serikali. Kenya haina mkataba wa matibabu na Uingereza. Tiba ya dharura hawawezi kuinyima kwa kukosa pesa, lakini bili hufuata. Na deni likifika pauni 500 au zaidi, likakaa miezi miwili bila kulipwa wala kupangiwa malipo, hospitali yaweza kupeleka taarifa Home Office, wenye mambo ya viza, na hapo ndipo viza ya mbele inapoingia mchanga. Kwa hiyo usikae kimya. Wapigie.

Sisi wenye viza ndefu tunalipa IHS pauni 1,035 kwa mwaka tangu Februari 2024, na bado mtu wa risepsheni hukutazama kama umekuja kuiba sabuni.

Kutoka: Bint Mkomani, Leicester

Ahsante Ami, hilo la 500 nilikuwa nikilisikia kwa watu bila kulijua vizuri. Nitapiga Jumatatu. Na jina? Langu au lake?

Kutoka: Mfanyakazi wa Nyumba, Jeddah

Nyinyi mnalalamika fomu. Mimi kadi ya bima iko mkononi mwa kafili, mwajiri wangu. Niliumwa siku mbili, nikaambiwa ni uvivu. Aliyenipeleka ni dereva, Mpakistani, Mungu amlipe. Bado nina mshono.

Kutoka: Umm Salim, Muscat

Dada wa Jeddah, mshono ukitoa maji au ukiwa wa moto, usisubiri ruhusa ya mtu. Niandikie faraghani.

Kutoka: Kijana wa Witu, Manchester

Na nyumbani je? Bima ya afya ya NHIF imekufa, ya SHA imeingia Oktoba 2024. Mwamwambia mtu wa Kizingitini, kisiwani Pate, akimbie, akimbie juu ya bahari? Kutoka huko mpaka hospitali ya King Fahd, Amu, ni boti, na usiku boti ni bahati. Ugatuzi tangu 2013, bado tunategemea upepo.

Kutoka: Mwana wa Maweni, Dubai

Afadhali nyinyi Lamu mna kaunti yenu. Malindi ilikuwa wilaya yake, leo twafuata Kilifi kwa kila karatasi. Vasco da Gama alikuja kwetu mwaka 1498, hakwenda Kilifi.

Kutoka: Maalim, London

Na Vasco da Gama anaingiaje kwenye kibole?

Kutoka: Babu Kaskazi, Toronto

Waacheni. Mimi mmenitia hamu ya mui. Mfungo Sita unakaribia, watu watafurika msikiti wa Riyadha kwa Maulidi, punda watashindanishwa pwani, na mimi niko huku mbali. Siku nilipotoka hospitalini, mamangu marehemu alinipikia uji wa mtama, akaupoza mwenyewe kwa kuupepea, kijiko kwa kijiko, wala hakusema neno. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Mpaka leo nikisikia harufu ya mtama mbichi, kovu huniwasha.

Nani anakuja Amu mwezi ujao? Nina viatu vya mjukuu, kilo moja na nusu tu.

Kutoka: Mwana wa Maweni, Dubai

Mimi napita Mombasa, Babu. Ukinituma viatu, niwekee nafasi ya halua kurudi.

Kutoka: Bint Mkomani, Leicester

Wazee wangu na ndugu zangu, Mama anawasalimu, leo amepanda ngazi mwenyewe. Sanamaki iliyobaki nimeificha, ananiuliza iko wapi. Fomu mwisho wake ni kesho. Kipengele cha tatu, jina la anayewajibika kulipa. Nimekiacha wazi.

Kutoka: Mtoto wa Shela, Torino

Samahani Ami, nilikuwa zamu ya usiku. Shela ya Malindi.