Mahekalu ya Khmer nje ya Angkor Wat: waliofika tupeane uzoefu

Mkwezi wa Tanga

Wakuu salaam. Kila anayerudi Kambodia anarudi na picha ileile: minara ya Angkor Wat, jua linachomoza, kivuli chake kwenye bwawa. Hata mimi ninayo. Ambayo sijawahi kumwonyesha mtu ni niliyopiga nilipogeuka nyuma. Umati kama wa kivuko cha Kigamboni saa moja asubuhi, kila mtu simu juu.

Sisemi msiende. Nendeni. Ila wafalme wa Khmer, waliotawala Kambodia ya zamani wakiwa na makao Angkor, walijenga kuanzia kusini mwa Laos mpaka ndani kabisa ya Thailand, na sehemu nyingi ukifika unakuta mlinzi, kuku wake, na wewe. Uzi huu ni wa sehemu hizo. Naanza.

Mimi nilikwenda Banteay Chhmar, kaskazini-magharibi ya Kambodia. Ni kazi ya Jayavarman wa Saba, mfalme yuleyule aliyejenga hekalu la Bayon kule Angkor, lile lenye sura kubwa za mawe, mwishoni mwa karne ya 12. Nilikodi pikipiki mjini Sisophon, safari ya kama kilomita 60 kwenda kaskazini. Katikati ya safari, pancha. Nilisukuma mpaka kwa mama mmoja anayeuza petroli kwenye chupa za soda, zimepangwa mezani utadhani togwa. Akaita mtu ndani. Kijana akatoka na beseni la maji, akatoa mpira wa ndani, akauzamisha, akatafuta mapovu, akakwangua, akabandika kiraka. Vilevile kama kwetu mtaa wa Mabawa, Tanga. Hatukuelewana neno hata moja, na hapakuwa na neno la kuelewana.

Hekalu lenyewe limeanguka zaidi ya lilivyosimama. Unavuka handaki la maji, unaingia, halafu ni kupanda na kushuka marundo ya mawe yenye nakshi ubavuni, unajikuta umeshika kiwiko cha malaika bila kukusudia. Ukutani wamechonga vita vya majini, mitumbwi ya Khmer na ya Wacham, jirani zao na maadui, imekaribiana mpaka makasia yanagusana. Nilikaa pale saa nzima. Aliyepita ni mbwa.

Upande wa magharibi ndipo penye michongo ya Avalokiteshvara, mtukufu wa huruma wa Wabuddha, mwenye mikono mingi. Mmoja ana mikono 32. Zamani walikuwa wanane, leo waliosimama mahali pao ni wawili. Mwishoni mwa mwaka 1998 wanajeshi waliingia na vifaa vya kukatia mawe, wakashusha kipande kizima cha ukuta na kukipakia. Januari 1999 polisi wa Thailand wakakamata lori lenye vipande 117. Vilirudishwa, na wawili kati ya hao wa mikono mingi wako Makumbusho ya Taifa, Phnom Penh. Pale ukutani pamebaki pengo, unaona miti ya upande wa pili. Mlinzi alininyooshea kidole hapo kabla hata ya kunionyesha wale waliobaki.

Nililala kijijini, kwenye nyumba ya mbao yenye miguu mirefu. Wanakijiji wana utaratibu wao wa kupokea wageni, chandarua kipo, jogoo pia yupo, na anaanza saa tisa usiku.

Karibuni.

Mawe ni Mawe

Mkuu nauli yote hiyo kwenda kuangalia ukuta ulioanguka? Kilwa Kisiwani umefika?

Mkwezi wa Tanga

Mara mbili. Na ndiyo iliyonifundisha kupenda magofu yasiyo na foleni. Umeuliza kama utani, lakini ile hali ya kukaa ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa mchana husikii kitu isipokuwa njiwa, niliikuta Banteay Chhmar. Endelea kutuchokoza, tutakupeleka.

Mwalimu wa Nakuru

Mimi nafundisha Kiingereza hapa Buriram, Thailand, mwaka wa tatu sasa. Jameni, watu wakisikia Khmer wanafikiria Kambodia pekee, na mimi nina Phanom Rung karibu na shule.

Hekalu limejengwa juu ya mlima uliokuwa volkano, ilizimika kitambo. Unapanda kwa njia ndefu ya mawe, kisha ngazi, na mlangoni kuna milango 15 imenyooka moja nyuma ya nyingine. Mara nne kwa mwaka jua linapita katikati yote 15, asubuhi mwezi wa Aprili na Septemba, jioni mwezi wa Machi na Oktoba. Mwaka wangu wa kwanza nikaenda Aprili nione hiyo maajabu. Kosa langu. Hao watu! Basi za shule, vibanda vya soseji, jua lenyewe nililiona kwa simu ya mtu aliyesimama mbele yangu. Na kulikuwa na mawingu.

Nikarudi Juni siku ya kawaida, mvua imetoka tu kunyesha. Nikakaa chini ya ile linta, jiwe la juu ya mlango, lenye mchongo wa Vishnu, mungu wa Kihindu, aliyelala baharini. Linta ile ina kisa. Ilipotea miaka ya 1960, kuja kuonekana ikawa iko kwenye jumba la sanaa la Chicago. Wathai walipiga kelele mpaka ikarudi mwaka 1988. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wanakijua kisa hicho kuliko wanavyojua nyakati za vitenzi.

Lakini ushauri wangu hasa ni huu: shukeni chini, kama kilomita nane, mwende Muang Tam. Wengi wanairuka. Hakuna mlima, hakuna milango 15, ni minara ya matofali ndani ya ua na mabwawa manne yaliyopindwa kama herufi L kwenye pembe zake. Kingo za bwawa ni nyoka wa mawe, miili yao ndiyo ukingo, na kila kona wameinua vichwa vitano vitano. Mayungiyungi yamejaa majini. Kuna mzee anayeyapunguza kwa mundu, suruali ameikunja mpaka magotini. Nimemkuta mara tatu. Mara ya tatu akanipa ganda la mbegu, tukakaa ukingoni tukibandua na kula mbichi. Ladha ni kama karanga ambayo haijakomaa.

Nanyi mnaotoka nyumbani, cheti cha homa ya manjano msisahau. Thailand wanakiulizia kwa sisi tunaotoka Afrika Mashariki. Nimeona mtu ameachwa pembeni uwanjani na jasho linamtoka.

Binti Malindi

Asalaam aleikum. Mie naongeza Sambor Prei Kuk. Nilikuwa na hofu ya mambo mawili, chakula na mavazi, maana navaa baibui. Kumbe Kambodia kuna Waislamu wa Kicham, wengi tu, na kila nilipopita watu walinichukulia Mcham mgeni. Bajaji aliyenipeleka kutoka Kampong Thom, kama kilomita 30, alisimama mwenyewe penye mkahawa wenye maandishi ya halali, wala sikumwomba.

Pale ni pakongwe kuliko Angkor. Palikuwa mji wa Ishanapura, karne ya 7, wakati wa mfalme Isanavarman. Mji ni wa matofali, tena yameshikana hata wembe haupiti. Baadhi ya minara ina pande nane, jambo ambalo huko Angkor hulioni. Na kwenye kuta za nje wamechonga majumba madogo yanayoelea, yamebebwa na viumbe wenye mbawa. Yametafunwa na mvua, itabidi usimame ubavuni, jua la asubuhi likipiga mshazari ndipo yanatokeza. Mie nilifika saa sita mchana sikuona kitu, nikadhani nimedanganywa. Mtoto mmoja anayeuza mitandio ya krama akanishika mkono, akanipeleka kivulini, akanionyesha kwa kijiti: hapa kichwa, hapa bawa, hapa dirisha. Nikanunua mitandio minne. Biashara anaijua yule.

Mti mmoja umeumeza mnara mzima. Mizizi imeshuka pande zote, mlango tu ndio umebaki. Ndani pana baridi na harufu ya popo.

UNESCO wamepaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 2017, lakini siku yangu tulikuwa watu sita.

Mtu wa Moro

Nimesoma kimya kimya ila hapa lazima niseme. Mnaongelea vichaka vya Kambodia kama bustani. Jamani, mabomu ya kutegwa ardhini.

Nilikwenda Koh Ker, mkoa wa Preah Vihear. Palikuwa mji mkuu kwa muda mfupi, mwaka 928 hadi 944, Jayavarman wa Nne aliuhamisha kutoka Angkor kwa sababu zake. Amejenga piramidi ya ngazi saba, kama mita 36 kwenda juu, haifanani na chochote Angkor. Unapanda kwa ngazi za mbao za pembeni, juu ni upepo na msitu mpaka unapochoka kutazama. Masanamu yake mengi yaliibiwa miaka ya 1970. Waliyakata vifundoni, miguu ikabaki kwenye vitako vyake. Na ndiyo iliyowaumbua. Sanamu la Duryodhana, mpiganaji wa hadithi za Kihindu, lilipotokea mnadani New York, vifundo vilioana na miguu iliyobaki, likarudishwa 2014.

Sasa nikiwa njiani kati ya hekalu moja na jingine nikabanwa na haja ndogo. Nikaacha njia, hatua tano tu. Dereva alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Nikaganda. Akanionyesha kwa mikono: rudi, kanyaga ulipokanyaga. Nilirudi kinyumenyume nikitazama alama za kandambili zangu. Alipotulia akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akacheka, akasema neno moja: "Magawa!"

Wa Morogoro wenzangu mnajua. Ni panya buku wetu, amefundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) na APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu, akapelekwa Kambodia, akanusa mabomu 71 ya kutegwa na kupewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Alikufa Januari 2022. Aliyemfuata, Ronin, naye mzaliwa wa Tanzania, amevuka 100 hukohuko mkoa wa Preah Vihear. Panya hanusi chuma, ananusa baruti yenyewe, kwa hiyo msumari wa zamani haumpotezei muda. Na ni mwepesi, bomu halimsikii. Siem Reap kuna kituo chao, unaingia unawaona wakifanya kazi, wakishapata bao wanapewa ndizi. Nilisimama pale nikiwa na fahari kama nimewazaa mimi.

Kwa hiyo: njia iliyokanyagwa ndiyo njia. Ukibanwa, jisaidie palepale njiani na aibu yako.

Mwalimu wa Nakuru

Hiyo ya kinyumenyume nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Pole lakini.

Mawe ni Mawe

Haya, ya panya imenigusa. Laos je? Kuna aliyefika?

Mkwezi wa Tanga

Nimefika Wat Phu, Champasak, ng'ambo ya Mekong ukitokea Pakse. Msimamo wangu ni kwamba pale hekalu ni kisingizio, mlima ndio wenyewe. Unapanda ngazi zilizopinda, miti ya champa imezifunika pande zote, na nyuma kabisa ya kihekalu cha juu kuna chemchemi inadondoka kutoka kwenye jabali. Wakhmer waliyaongoza maji hayo kwa mfereji wa mawe yamwagikie lingamu, jiwe takatifu la mungu Shiva, ndani. Leo bibi wanakinga kwenye chupa za plastiki na kwenda nazo nyumbani. Tafuta pia jiwe lenye mamba aliyechongwa, liko kaskazini kidogo, halina kibao. Usiende wakati wa sikukuu yao ya mwezi mpevu, kama Februari, isipokuwa unataka sikukuu.

Binti Malindi

Na Preah Vihear lenyewe, lile la juu ya genge? Shoga yangu anang'ang'ania.

Mkwezi wa Tanga

Dada, mwambie asubiri. Ni zuri, liko kwenye ukingo wa genge la zaidi ya mita 500, lakini liko mpakani, na Kambodia na Thailand wanaligombea tangu kabla mahakama ya The Hague haijaipa Kambodia mwaka 1962. Walipigana Julai 2025, wakarudia Desemba. Vivuko vya ardhini vilifungwa tangu Juni mwaka huo. Hata Banteay Chhmar yangu iko karibu na mpaka, siku hizi ulizeni wenyeji wa Sisophon kabla ya kuwasha pikipiki.

Mimi Januari nataka Preah Khan ya Kampong Svay, ile ya ndani kabisa yenye mnara wa sura nne. Natafuta mtu mmoja wa kugawana naye gari. Mtu wa Moro, upo? Dereva nitamwambia mapema asimame penye choo.

Mtu wa Moro

Nipo. Nije na panya au nije peke yangu?